Hadithi ya Frankenstein na Watazamaji Wake

Kila tunaposoma hadithi za Kiingereza darasani, huzuka ubishi mmoja: kitabu na picha ya sinema iliyotokana nacho, kipi kinatisha zaidi? Wengi hujibu upesi kwamba ni sinema, na ushahidi wao ni ile methali isemayo kusikia si kuona. Katika somo hili nataka tuchukue hadithi moja mashuhuri, ile ya Frankenstein, tutazame jinsi watu walivyoipokea ilipoandikwa, ilipochezwa jukwaani, na hasa ilipotolewa katika sinema ya rangi mwaka wa 1957. Picha hiyo iliwachukiza sana waandishi kadha wa magazeti ya London, na wakati huo huo watu wa kawaida walijipanga milangoni kutaka kuiona. Walichukizwa na nini hasa, na hawa wengine walifuata nini?

Kwanza yapasa kuondoa kosa moja ambalo hata watu wazima hulifanya. Frankenstein si jina la yule kiumbe mwenye sura ya kutisha. Ni jina la kijana msomi aliyemuunda. Kiumbe mwenyewe hana jina tangu mwanzo wa kitabu hata mwisho.

Aliyeandika kitabu hicho alikuwa msichana. Alizaliwa London mwaka wa 1797, na baada ya kuolewa akaitwa Mary Shelley. Alipoanza kuitunga hadithi hii, mwezi wa Juni 1816, alikuwa na umri wa miaka 18, yaani umri wa wengi wa wanafunzi wetu wa vidato vya juu. Alikuwa Uswisi, kando ya ziwa la Geneva, pamoja na mshairi Percy Shelley, ambaye baadaye ndiye aliyemuoa, na mshairi Byron na tabibu wake Polidori. Mwaka ule nchi nyingi za Ulaya hazikuona kiangazi. Mvua na baridi havikukoma. Wanaosoma jiografia watapenda kujua sababu yake: mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa huko Indonesia, ulilipuka mwezi wa Aprili 1815, na majivu na gesi zake zikatanda angani na kulizuia joto la jua hata nchi za mbali. Basi wageni wale, wakiwa wamefungiwa nyumbani na mvua, walisomeana hadithi za mizuka, kisha Byron akatoa shauri kwamba kila mmoja atunge yake. Hadithi ya Mary ilitoka kitabuni tarehe 1 Januari 1818, nakala 500 tu, bila jina la mwandishi.

Habari yenyewe ni hii. Victor Frankenstein, kijana wa Geneva, aenda kusoma katika chuo kikuu cha Ingolstadt, Ujerumani. Huko agundua siri ya uhai. Akusanya viungo vya maiti, aviunganisha, avitia uhai. Na mara kiumbe anapofumbua macho, muumbaji wake aona kinyaa, akimbia na kumwacha peke yake. Kiumbe ajifunza kusema kwa kuwachungulia watu wa nyumba moja kupitia ufa wa ukuta. Asoma vitabu. Atafuta urafiki, nao wampiga kwa sababu ya sura yake. Ndipo anapoanza kulipiza kisasi: amuua mdogo wake Victor, kisha rafiki yake mpenzi, kisha bibi harusi wake usiku ule ule wa arusi.

Sasa tazama jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Wote watatu huuawa kwa kukabwa shingo, na alama ya vidole ndiyo inayoachwa. Mjakazi mmoja, Justine, asiye na kosa lolote, hunyongwa kwa hukumu ya mahakama. Baba yake Victor hufa kwa majonzi. Vifo ni vingi, na damu karibu haipo. Hata juu ya kule kuunda kiumbe, Victor asema kwa kifupi tu kwamba vitu vyake alivipata katika chumba cha kupasulia maiti na katika machinjio. Hasemi alikata nini wala kwa kisu gani, na siri ya kumtia uhai akataa kabisa kuieleza. Kitabu hiki kimewatisha watu kwa miaka zaidi ya 200, na kinachotisha ndani yake ni mtu aliyeleta kiumbe duniani kisha akakataa kumtunza.

Haikupita miaka mingi hadithi ikapandishwa jukwaani. Mwaka wa 1823 ilichezwa London katika jumba la michezo lililoitwa English Opera House. Mwandishi wa mchezo alikuwa Richard Brinsley Peake, na mwigizaji wa kiumbe alikuwa T. P. Cooke. Katika karatasi ya majina ya waigizaji, mahali pa jina la kiumbe palichorwa mstari mtupu, na Mary Shelley alifurahi sana kuona hivyo. Alikwenda mwenyewe kuutazama mchezo mwezi wa Agosti mwaka huo, akaandika katika barua kwamba hadithi haikuchezwa vizuri sana, lakini watazamaji walikuwa na hamu hata ya kuzuia pumzi. Wengine walichukia. Vikaratasi viligawanywa mjini kuwaonya watu wasiende kuuona mchezo huo kwa kuwa ulikuwa kinyume cha dini na adabu, na kama ilivyo desturi ya maonyo ya namna hiyo, majumba mengine ya London nayo yalikimbilia kutoa michezo yao ya Frankenstein mwaka ule ule. Yafaa kukumbuka kwamba jukwaani kiumbe alifanywa bubu. Yule aliyejitetea kwa maneno ya ufasaha kitabuni, sasa alikuwa akitazamwa tu, hasikilizwi tena, na kwa muda mrefu sana baadaye waigizaji wengi walimfuata Cooke katika hilo.

Mwaka wa 1931, huko Marekani, kampuni ya Universal ilitoa sinema iliyomfanya kiumbe ajulikane dunia nzima. Iliongozwa na James Whale, na kiumbe akaigizwa na Boris Karloff. Kile kichwa bapa juu na vile vyuma viwili shingoni, ambavyo watoto huvichora hata leo, vilibuniwa kwa picha ile na mpambaji Jack Pierce, kitabuni havimo. Mwanzoni mwa picha, mahali pa jina la mwigizaji wa kiumbe paliandikwa alama ya kuuliza, kama ule mstari wa 1823. Kabla ya hadithi kuanza, mtu mmoja hutokea mbele ya pazia na kuwaonya watazamaji kwamba huenda watakayoyaona yakawashtua. Ni onyo kweli, na ni tangazo pia.

Katika picha ile mna jambo la kufundisha kabisa. Kiumbe akutana na mtoto wa kike kando ya ziwa. Mtoto hamwogopi, ampa maua, nao wayatupa majini pamoja, yanaelea kama mashua. Maua yanapokwisha, kiumbe, akidhani mtoto naye ataelea, amchukua na kumtupa ziwani, kisha aona hatoki, afadhaika na kukimbia. Mahali hapa paliwaudhi wakaguzi na wenye majumba ya sinema, pakakatwa. Lakini kisu kilipita vibaya: watazamaji wakawa wanaona mikono ya kiumbe ikinyoshwa kumwelekea mtoto, kisha, baada ya muda, baba akipita mjini amebeba maiti ya bintiye. Katikati hapana kitu. Basi kila mtazamaji alijaza pengo lile kwa mawazo yake mwenyewe, na alichokijaza kilikuwa kiovu kuliko kilichokatwa. Aliyestahili kuhurumiwa akageuka kuwa mwovu kwa mkasi wa watu waliotaka kupunguza hofu. Sehemu ile ilirudishwa katika picha miaka ya 1980.

Sasa twafika katika picha ya 1957. Jina lake ni The Curse of Frankenstein, yaani Laana ya Frankenstein. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Kiingereza iitwayo Hammer, katika nyumba kubwa ya kizamani huko Bray, ukingoni mwa mto Thames, kuanzia mwezi wa Novemba 1956. Mwongozaji alikuwa Terence Fisher, na mwandishi wa maneno yake Jimmy Sangster. Gharama zote zilikuwa kiasi cha paundi 65,000, fedha kidogo sana kwa kazi ya namna ile. Peter Cushing aliigiza Frankenstein, ambaye sasa ni Baroni tajiri, na Christopher Lee, mtu mrefu kupita kiasi, akaigiza kiumbe. Kwa kuwa Universal hawakuruhusu sura yao ya kichwa bapa iigwe, mpambaji Phil Leakey alilazimika kubuni sura mpya: uso uliojaa makovu na viraka, kama wa mtu aliyeshonwa kwa haraka.

Jambo kubwa lilikuwa rangi. Picha za Frankenstein zilizotangulia zilikuwa nyeusi na nyeupe, na katika picha ya namna hiyo damu huonekana kama doa la wino. Miaka ya 1950 ilileta filamu ya Eastmancolor, ambayo rangi zote zimo katika ukanda mmoja, wala haihitaji kamera kubwa ya kanda tatu iliyotumika zamani. Gharama ikapungua, na kampuni ndogo nazo zikaweza kupiga picha za rangi. Ndivyo damu ilivyopata wekundu wake.

Watazamaji walionyeshwa nini? Baroni ashusha maiti ya mnyang'anyi kutoka mti wa kunyongea. Kichwa kimekwisha kuharibiwa na ndege, basi akikata na kukitumbukiza katika tindikali. Kule kukata hakuonekani. Twamwona Baroni ameinama, na baadaye ajifuta mkono wenye damu katika koti lake, kama mtu aliyemwagikiwa na mchuzi. Anunua mikono. Anunua macho, ayatazama kwa kioo cha kukuzia. Anapotaka ubongo wa mtu mwenye akili nyingi, amkaribisha nyumbani profesa mmoja mzee, amsukuma kutoka roshani ya juu, kisha aufuata ubongo huo kaburini. Baadaye kiumbe apigwa risasi usoni, na damu nyekundu yaonekana ikitoka jichoni katikati ya vidole vyake. Ukihesabu dakika zenye damu katika picha nzima utaona ni chache sana.

Hata hivyo zilitosha. Kabla picha haijaanza kupigwa, wasomaji wa halmashauri ya Kiingereza ya kukagua sinema walikwisha kuonya kwamba maandiko yale yalipita mpaka wa yale waliyozoea kuyaruhusu. Ilipotolewa London mwezi wa Mei 1957, Bibi C. A. Lejeune, mwandishi wa The Observer aliyeheshimiwa sana, aliihesabu katika picha sita hivi zilizomchukiza kupita zote alizopata kuziona. Mwandishi wa Daily Telegraph alitoa shauri la mzaha mkali, kwamba iwekwe alama mpya ya picha zinazowafaa watu wapendao ukatili peke yao. Mwaka uliofuata, kampuni ile ile ilipotoa Dracula, iliyotokana na kitabu cha Bram Stoker cha 1897, Bibi Lejeune aliandika kwamba alikuwa karibu kuwaomba radhi Wamarekani waungwana kwa kupelekewa kitu kama kile kutoka Uingereza.

Na watu wa kawaida? Walijipanga. Katika Uingereza na Marekani picha ile ilirudisha gharama zake mara nyingi. Tangu mwaka wa 1951 palikuwa na alama ya X, iliyowakataza walio chini ya umri wa miaka 16 kuingia. Alama iliyowekwa kuwa kizuizi ikawa kivutio. Hammer walilifahamu hilo mapema: mwaka wa 1955 walikuwa na picha yenye neno la Kiingereza linaloanza kwa herufi E na X, nao wakaifuta ile E ili X isimame mbele na kuonekana vizuri. Mwaka wa 1968 kampuni hiyo hiyo iliyosemwa kuwa aibu kwa taifa ilipewa tuzo ya Malkia kwa kuiletea nchi fedha za kigeni.

Rahisi kuwacheka wale waandishi wa London. Mimi sioni kwamba walikuwa wajinga. Waliona kitu kipya, nao walisema kweli kuhusu kinyaa chao. Lakini nadhani hawakukitafuta vema chanzo chake. Picha za vita za wakati ule zilikuwa na maiti wengi zaidi, na hazikulaumiwa hivyo. Kilichowaudhi, kwa maoni yangu, ni yule Baroni. Ni mtu nadhifu, mwenye adabu, aketiye mezani na kuomba apitishiwe chakula, hali chumba cha juu kuna kazi aliyoiacha kwa dakika chache. Hana haraka wala majuto. Katika picha ya 1931 mtazamaji alimwogopa kiumbe. Katika hii amwogopa msomi. Kwa namna hiyo picha hii ya damu ilikikaribia kitabu kuliko ile iliyokuwa na heshima zaidi, ijapokuwa ilibadilisha karibu kila jambo jingine, na kiumbe akabaki bubu.

Hapa nataka kutoka njiani kidogo kueleza habari ya kuzimia, kwa kuwa kila picha ya namna hii hufuatwa na uvumi wa watu walioanguka. Mtu akimwona simba, moyo humwenda mbio na damu hukimbilia misuli apate kukimbia. Mtu aliye katika hali hiyo kwa kawaida hazimii. Lakini wako watu ambao wakiona damu au jeraha, moyo huenda mbio kidogo, kisha ghafula hupunguza mwendo, mishipa hulegea, msukumo wa damu hushuka, na ubongo hukosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Mtu huona kizunguzungu, hutoka jasho la baridi, huanguka. Hili humpata hata askari hodari, nalo si haki kumcheka. Mlazeni chali, mwinulieni miguu, mpisheni hewa. Aghalabu huamka baada ya muda mfupi.

Basi uvumi wa kuzimia waweza kuwa wa kweli. Lakini waweza pia kuwa biashara. Mwaka wa 1958 Mmarekani mmoja, William Castle, alipotoa picha yake Macabre, alimkatia kila mtazamaji bima ya dola 1,000 kwa Lloyd's ya London, zilipwe kwa jamaa zake kama akifa kwa hofu ukumbini. Mtu aliyekata tiketi alikuwa amekwisha kuogopa kabla taa hazijazimwa. Mwaka wa 1973 ilipotoka The Exorcist, kutoka kitabu cha William Peter Blatty, magazeti yalijaa habari za watu waliozimia na kutapika, na kila habari iliongeza urefu wa foleni. Kwa hiyo tusomapo kwamba watazamaji walifanya hivi au vile, yafaa tuulize ni nani aliyetuambia, na kama alikuwa na tiketi za kuuza.

Wazazi wameuliza zaidi ya mara moja kama mtoto aruhusiwe kutazama picha za namna hii. Kwa mtoto mdogo jibu langu ni hapana, kwa sababu mtoto mdogo hana pa kuiweka picha aliyoiona. Huenda nayo kitandani. Kwa kijana wa kidato cha tatu na kuendelea, ningetaka zaidi kujua alimhurumia nani alipokuwa akitazama. Kama hakumhurumia yeyote, wala maiti, wala muuaji, wala kiumbe aliyeshonwa, hapo ndipo mzazi angekaa naye waongee, hata kama picha yenyewe haikuwa na tone moja la damu.

Alfred Hitchcock alilijua jambo hili la macho na mawazo. Mwaka wa 1960 alitengeneza Psycho, kutoka kitabu cha Robert Bloch kilichotoka mwaka mmoja kabla, na ingawa rangi ilipatikana, aliipiga kwa nyeusi na nyeupe, sababu moja ikiwa kwamba damu nyekundu ingekuwa nyingi mno kwa watazamaji. Ile damu ya bafuni ilikuwa sharubati nzito ya chokoleti. Wengi waliotoka ukumbini walisadiki kwamba wameona kisu kikizama mwilini mara nyingi, hali karibu yote waliyoyaona ni kisu, maji, mkono na uso, yakipishana upesi sana. Kujeruhiwa kwenyewe walikufanya wao wenyewe vichwani mwao.

Wanafunzi wanaotaka kulipima jambo hili wafanye zoezi lifuatalo. Chukua hadithi moja ya zimwi uliyosimuliwa nyumbani, iandike mara mbili. Mara ya kwanza uonyeshe kila kitu zimwi anapomkamata mtu. Mara ya pili mlango ufungwe kabla, nasi tubaki nje na wale wanaongoja. Wasomee wenzako wawili, kila mmoja namna yake, usiku kuliko mchana, na uandike walivyofanya nyuso zao na maswali waliyouliza. Insha zisizidi maneno 300 kila moja, ziletwe kwa mhariri kabla ya wiki ya mitihani, na zile zitakazoonekana nzuri zitachapwa katika toleo la muhula ujao.